Kamari Iliyoutangulia Mchezo

Kwa kawaida mchezo hupata wachezaji kwanza, kisha mashabiki, ndipo kamari ije. Futiboli ya Marekani imeingia Kitale na Bungoma kinyumenyume. St Anthony's ya Kitale ilijijengea jina kwa soka na mpira wa magongo, Friends Kamusinga kwa magongo na raga, nayo Nzoia Sugar ikaipa Bungoma timu ya Ligi Kuu. Mchezo wa Wamarekani haukupata mizizi ya namna hiyo huku. Hata hivyo, Jumapili ya Septemba ikifika saa mbili usiku, mechi zao zimo kwenye simu zikingoja dau la mtu ambaye huenda hajawahi kutazama hata moja. Kilichozileta ni njia ya malipo.

Kwa miongo mingi kamari halali ya michezo ilikuwa mambo ya Nairobi. Sheria ya mwaka 1966 iliunda bodi ya kutoa leseni, na mwaka huohuo Kenya Charity Sweepstake ikaanzishwa, lakini tiketi ya bahati nasibu haikumdai mnunuzi ajue lolote. Farasi nao walikimbia Ngong, mbali na Trans Nzoia. Mambo yaligeuka M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Wakala alipopatikana kila senta, kuanzia Kimilili hadi Kiminini, pesa za mahindi na za miwa zilianza kukaa kwenye simu, na SportPesa ilipoanza mwaka 2014 haikulazimika kujenga duka Webuye. Februari 2017 mtu mmoja aliyebashiri sawasawa mechi zote 17 za jakpoti ya kampuni hiyo alizoa Sh221 milioni. Habari kama hiyo haihitaji tangazo. Serikali ilipobana leseni Julai 2019 baadhi ya kampuni zilifunga, nyingine zikabaki na orodha ndefu zaidi za michezo. Odi hununuliwa kwa jumla kutoka kwa kampuni za takwimu za ng'ambo, hivyo kuongeza futiboli ya Marekani karibu hakugharimu kitu.

Anayeanza anapaswa kuelewa kwanza handikapu. Sifa ya kuibuni kwa kawaida hupewa Charles McNeil, mwalimu wa hisabati aliyefanyia kazi yake Chicago katika karne iliyopita: badala ya kuuliza nani atashinda, unauliza atashinda kwa pointi ngapi. Tuseme Kansas City Chiefs wamepewa -3.5, yaani lazima washinde kwa pointi 4 au zaidi. Wakishinda 24–21, mechi ni yao lakini mkeka wako umechanika. Nusu ile haikuwekwa ovyo. Mkwaju kati ya milingoti ni pointi 3, na mguso ni 6 pamoja na 1 ya mkwaju wa nyongeza, kwa hiyo mechi nyingi huamuliwa kwa tofauti ya 3 au 7. Mtu wa raga ataizoea hesabu hii upesi, maana penalti yake ni 3 na trai iliyokamilishwa ni 7. Lakini ujuzi wa raga hauvuki wote: Daniel Adongo, Mkenya aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka kwenye raga, ilibidi ajifunze mchezo upya.

Wapo watakaosema soka ya Uingereza nayo ililetwa na televisheni, na bado watu wa Bungoma wanaijua kuliko Waingereza wengi. Ni kweli, ila televisheni ilikuta soka ikichezwa tayari kila kiwanja cha shule. Hoja nzito zaidi ni kwamba ugeni una faida: shabiki wa Arsenal hubeti kwa moyo, ilhali asiyempenda yeyote hubeti kwa akili. Sikatai kwamba mapenzi hupoteza pesa. Lakini kutokuwa na mapenzi hakumpi mtu habari za beki aliyeumia mazoezini Alhamisi, na habari hiyo imo ndani ya bei kabla Kitale haijaiona. Tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa marufuku ya kitaifa ya kamari ya michezo, majimbo mengi yamehalalisha kamari hiyo, na pesa za wanaoujua mchezo ndizo husukuma odi. Halafu kuna makato. Handikapu yenye odi 1.91 pande zote mbili maana yake ni kwamba watu wawili wakiweka Sh100 kila mmoja upande wake, mshindi huondoka na Sh191 na kampuni hubaki na Sh9, ushuru ukiwa bado. Kwa odi hiyo lazima upatie angalau mara 53 kati ya 100 ndipo uanze kuona faida, na mgeni anayekisia tu hupatia takriban 50.