Gololi Kwenye Njia Iliyonyooka: Kutoka Reli ya Magadi Hadi Karakana za Kitengela

Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, mwaka uleule mkataba wa pili ulipowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia. Tawi la reli kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Ziwa Magadi lilikamilika 1915, vita vikiwa vimepamba moto mpakani na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wanahistoria wameandika mengi juu ya ardhi na mikataba ile. Chuma chenyewe hakijaandikwa sana, na chuma nacho kina habari zake.

Ndani ya gari la moshi, pistoni huenda na kurudi. Ikiyumba hata kidogo, fimbo yake hupinda. Kwa hiyo mwisho wa fimbo ulifungwa kwenye pande la chuma lililoteleza kati ya baa nyoofu, na nyuso zake zikawekewa madini laini yenye bati, ya jamii ile aliyoibuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Hiyo ndiyo iliyokuwa beringi ya mwendo ulionyooka: haikuwa na gololi hata moja, ilitegemea mafuta tu. Mafuta yakikauka, madini yanayeyuka.

Gololi zilikuwepo tayari. Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya beringi ya gololi mwaka 1794, kwa ekseli za magari ya farasi. Lakini gurudumu huzunguka palepale, na gololi huzunguka nalo bila kwisha. Kitu kinachokwenda mbele kwa mstari huziacha gololi zake nyuma. Tatizo hilo liliwasumbua wahandisi kwa muda mrefu, nami naliona kuwa ndilo kiini cha historia hii yote.

Jibu lililofaa viwandani lilitoka Marekani miaka ya 1940, pale John Thomson alipotengeneza bushi ya gololi. Gololi hubeba mzigo juu ya shafti, zikifika mwisho wa bushi zinageuka na kurudi kwa njia ya pembeni isiyo na mzigo, kisha zinaanza tena. Ilikuwa kazi nzuri sana, lakini shafti ya mviringo iliyoshikwa ncha mbili tu hupinda katikati, na gololi hugusa chuma kwa nukta ndogo mno.

Mwaka 1972 kampuni ya THK ya Japani, iliyoasisiwa na Hiroshi Teramachi, ilileta reli ya chuma inayofungwa kwa bolti urefu wake wote, yenye mifereji inayolingana na mgongo wa gololi. Juu yake hupita bloku. Ndani ya bloku mna matundu ya kurudishia gololi, vifuniko vya ncha vinavyozigeuza, na midomo ya mpira inayofagia reli. Msuguano ulishuka hadi takriban moja ya hamsini ya ule wa kuteleza. Baadaye viwanda vya Taiwan, kama HIWIN iliyoanzishwa 1989, na vya China vikashusha bei, ndipo mashine za kuchonga mbao na kukata mawe kwa kompyuta zikawa ndani ya uwezo wa wenye karakana ndogo.

Reli hizo zimefika hadi karakana za Kitengela, katika nchi ya vumbi. Upande mmoja kuna viwanda vya saruji vya Athi River, upande mwingine marumaru ya Turoka, na katikati barabara ya Namanga na malori yake. Unga wa marumaru ukichanganyika na grisi hugeuka msasa. Ndiyo maana nashikilia kwamba hapa kwetu sehemu inayostahili heshima kuliko zote katika bloku ni ile midomo ya mpira, ambayo wanunuzi wengi hawaitupii jicho. Gololi zimekomazwa kwa moto na zinaweza kudumu miaka. Mpira uliochanika huziua kwa muda mfupi.

Fundi anayenunua reli zilizokwisha kutumika na achunguze mpira huo kwanza, kisha asukume bloku polepole kwa kidole akisikiliza mkwaruzo. Wala asichanganye gololi za bloku mbili. Hupangwa kwa kipimo kilicho chini ya moja ya elfu ya milimita, na ile iliyo kubwa kidogo hubeba mzigo wa wenzake wote mpaka ipasuke.