Tegemezi pungufu

Tegemezi pungufu ni hali ambapo programu huria inashindwa kusakinishwa kwa sababu maktaba au zana ambayo programu hiyo inaihitaji haimo kwenye kompyuta. Hutokea zaidi msanidi anapojenga programu kutoka kwenye msimbo chanzo.

Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, maktaba nyingi hugawanywa katika vifurushi viwili: kimoja cha kuendeshea programu, kingine cha kujengea, chenye jina linaloishia na -dev. Ndiyo maana maktaba ya OpenSSL inaweza kuwamo tayari, na bado kompaila ikasimama ikidai haioni faili openssl/ssl.h. Dawa yake ni kusakinisha libssl-dev. Katika Fedora kifurushi hicho huitwa openssl-devel.

Utatuzi huanzia kosa la kwanza, si la mwisho, maana yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu. Katika Debian na Ubuntu, faili linalokosekana hutafutwa kwa zana ya apt-file, kisha kifurushi chake husakinishwa kwa APT, zana ya kusimamia vifurushi iliyoingia katika Debian 2.1 mwaka 1999 na ambayo huleta pia tegemezi za kifurushi hicho. Kuokota maktaba kwenye tovuti isiyojulikana ni hatari: huweza kuingiza virusi au toleo lisilolingana na mfumo.