Ng'ombe anapogeuka alama za ajabu: Jinsi ya kupanga na kurekebisha terminali

GARISSA ni mji unaojulikana kwa soko lake kubwa la mifugo, na yeyote anayeweka hesabu za soko kama hilo katika kompyuta hana budi kuandika neno "ng'ombe" mara nyingi. Huenda orodha ikaandaliwa vyema katika kipakatalishi, ikatumwa kwa seva iliyoko Nairobi, kisha ikafunguliwa kupitia programu ya terminali. Badala ya "ng'ombe", msomaji anakuta "ngâ€™ombe". Akidhani kwamba faili imeharibika, anaanza kufuta alama hizo moja baada ya nyingine na kuhifadhi. Hapo ndipo uharibifu wa kweli unapoanza, kwa kuwa faili ilikuwa nzima. Kilichokosea ni dirisha aliloitazamia.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga terminali katika mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux, FreeBSD na macOS, na namna ya kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kugusa data. Haja hiyo ni kubwa katika mji kama Garissa. Mkazi wa Iftin, wadi ambayo jina lake kwa Kisomali lina maana ya mwanga, anaweza kuandika Kiswahili, Kisomali, Kiingereza na Kiarabu siku moja. Aidha, yuko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, katika eneo ambako minara ya mawasiliano imewahi kushambuliwa na kuharibiwa, na hivyo hawezi kutegemea kwamba mtandao hautakatika.

Terminali ni nini?

Hapo awali terminali ilikuwa chombo halisi: kibodi na skrini vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Kilichopata umaarufu zaidi ni VT100, kilichotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Vyombo hivyo vimetoweka, lakini lugha yao ya ishara imebaki. Programu za leo huviigiza, na ndiyo sababu huitwa viigizi vya terminali.

Miongoni mwao ni xterm, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1984, GNOME Terminal na Konsole katika Linux, na Terminal katika macOS. Wenye Windows wamezoea PuTTY ya Simon Tatham, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Wenye simu za Android hutumia Termux, ambamo kitufe cha kupunguza sauti huchukua nafasi ya kitufe cha Ctrl.

Ni vyema kutofautisha terminali na sheli. Terminali huonyesha maandishi na kupokea vitufe. Sheli, kama vile bash au zsh, ndiyo inayosoma amri na kuzitekeleza. Ili viwili hivi vifanye kazi pamoja, lazima vikubaliane kuhusu mambo matatu: herufi, jina la terminali, na mipangilio ya laini. Karibu kila hitilafu hutokana na kuvunjika kwa mojawapo ya makubaliano hayo.

Makubaliano ya kwanza: herufi

Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, ziitwazo baiti. Utaratibu unaotumiwa leo karibu kila mahali ni UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Herufi za kawaida za Kilatini huchukua baiti moja, na kwa kuwa Kiswahili na Kisomali, ambacho kilianza kuandikwa rasmi kwa Kilatini mwaka 1972, hutumia herufi hizo tu, mara nyingi mambo huenda sawa hata pale mipangilio inapokosewa.

Ritifaa ndiyo inayofichua kosa. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8. Terminali iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, yaani â, € na ™.

Kwanza, angalia mipangilio ya seva kwa amri hii:

locale

Kila mstari wenye thamani, isipokuwa ule wa LANGUAGE, unapaswa kuonyesha UTF-8; mstari wa LC_ALL kwa kawaida huwa mtupu. Linux ina mpangilio wa Kiswahili cha Kenya, sw_KE.UTF-8, wa Kisomali cha Kenya, so_KE.UTF-8, na hata wa Kioromo, om_KE.UTF-8. Katika Ubuntu, mpangilio huandaliwa na kuwashwa hivi:

sudo locale-gen sw_KE.UTF-8
export LANG=sw_KE.UTF-8

Mstari wa pili ukiandikwa ndani ya faili ya .profile, utatumika kila unapoingia. Usitarajie kwamba maelezo yote yatageuka Kiswahili, kwani programu nyingi hazijatafsiriwa. Hata hivyo, majina ya siku na miezi hubadilika. Mfumo ukilalamika kwamba hauwezi kuweka mpangilio huo, maana yake haujaandaliwa katika seva hiyo. Tumia basi en_US.UTF-8, ambao hupatikana karibu kila mahali.

Pili, angalia terminali yenyewe. Katika PuTTY, fungua sehemu ya Window, kisha Translation, na uchague UTF-8. GNOME Terminal na Konsole huanza na UTF-8 bila kuambiwa.

Tatu, ikiwa pande zote mbili zinatumia UTF-8 na bado maandishi yamevurugika, huenda faili yenyewe iliandikwa kwa utaratibu mwingine. Itazame baiti kwa baiti bila kuibadilisha:

hexdump -C majina.txt

Ukiona "e2 80 99" mahali pa ritifaa, faili ni UTF-8 na ni nzima. Ukiona "92", iliandikwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows, nayo hugeuzwa hivi, huku nakala ya awali ikibaki:

iconv -f CP1252 -t UTF-8 majina.txt > majina-mapya.txt

Lakini ukiona "3f" mahali palipopaswa kuwa na herufi, hiyo ni alama halisi ya kuuliza. Herufi ya awali imekwisha kupotea na hakuna amri ya kuirudisha. Rudi kwa nakala ya kwanza. Ndiyo maana haifai kuhifadhi faili kwa kutegemea sura yake katika skrini pekee.

Ritifaa na sheli

Hata ritifaa iliyonyooka ina mtego wake. Jaribu kuunda folda kwa amri hii:

mkdir ng'ombe

Sheli haitakataa wala haitatekeleza. Itaonyesha alama ya ">" na kukaa kimya, kwa kuwa kwake ritifaa ni mwanzo wa nukuu, nayo inasubiri mwisho wake. Msomaji wa Kisomali atakutana na hali hiyo hiyo akiandika "go'aan", yaani uamuzi. Bonyeza Ctrl na C ili kutoka, kisha lizungushie neno alama mbili za nukuu:

mkdir "ng'ombe"

Maandishi ya Kiarabu

Majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu huleta dalili tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa. Alama za kuuliza au herufi za ajabu ni dalili ya makubaliano ya herufi kuvunjika, na faili za zamani za Windows za Kiarabu hugeuzwa kwa kuweka CP1256 mahali pa CP1252. Visanduku vitupu ni dalili ya fonti isiyo na herufi za Kiarabu. Weka fonti nyingine, bila kugusa faili.

Dalili ya tatu ni herufi zilizotengana, au zinazokwenda kushoto kulia. Hapo data ni salama na fonti ipo, ila programu haijui kuandika kutoka kulia. Hali ndivyo ilivyo kwa xterm. Konsole na mlterm huweza, na GNOME Terminal imeweza tangu mwaka 2019.

Makubaliano ya pili: jina la terminali

Kila terminali hujitambulisha kwa jina, nalo huonekana kwa amri hii:

echo $TERM

Jina la kawaida ni xterm-256color. Seva hulitafuta katika orodha yake ili ijue ishara za kufuta mstari, kubadili rangi au kusogeza kialamisho. Terminali mpya, mathalani kitty, zina majina ambayo seva za zamani hazijapata kuyasikia. Matokeo yake, programu za kuhariri kama vile nano hukataa kufunguka na kudai kwamba aina ya terminali haijulikani. Dawa ya haraka ni kutumia jina linalojulikana:

export TERM=xterm-256color

Usiuandike mstari huu ndani ya .profile. Ukifanya hivyo, utailazimisha kila terminali kutumia jina lisilo lake, na hitilafu nyingine itazuka baadaye bila kujulikana imetoka wapi.

Makubaliano ya tatu: laini

Skrini inapogoma kabisa ilhali mtandao uko sawa, yamkini umebonyeza Ctrl na S. Tangu enzi za terminali za waya, vitufe hivyo humaanisha "simamisha". Bonyeza Ctrl na Q, na kazi itaendelea. Ili jambo hilo lisitokee tena:

stty -ixon

Kitufe cha kufutia kikileta alama za ^H au ^?, andika "stty erase", acha nafasi, bonyeza Ctrl na V, kisha kitufe hicho chenyewe, na umalizie kwa Enter. Na endapo skrini itajaa alama zisizosomeka baada ya kufungua faili ya picha au programu kimakosa, andika amri ifuatayo hata kama huoni unachoandika:

reset

Ikishindikana, andika "stty sane". Amri hizi hurekebisha terminali tu. Hazifuti faili yoyote.

Mtandao unapokatika

Terminali iliyounganishwa na seva kwa njia ya SSH hufungwa mtandao unapopotea kwa muda, na kazi iliyokuwa ikiendelea hufa nayo. Kuna kinga za aina mbili.

Ya kwanza ni kuzuia muunganisho usikatwe kwa sababu ya ukimya. Andika mistari hii katika faili ya .ssh/config:

Host *
ServerAliveInterval 60

Ya pili, ambayo ni muhimu zaidi, ni kuiacha kazi iishi ndani ya seva badala ya dirisha lako. Programu ya tmux hufanya hivyo:

tmux new -s soko

Mtandao ukikatika, kazi huendelea bila wewe. Ukirejea, ingia tena katika seva na uandike:

tmux attach -t soko

Kinga hii haifai kitu seva yenyewe ikizimwa, kwa hivyo bado ni lazima kuhifadhi kazi mara kwa mara. Mwenye kutumia mtandao wa simu anaweza pia kujaribu mosh, programu iliyotolewa mwaka 2012, ambayo haikatiki hata anwani ya simu inapobadilika. Sharti ni kwamba iwepo pande zote mbili, milango ya UDP ya 60000 hadi 61000 iwe wazi, na pande zote zitumie UTF-8.

Mpangilio wa uchunguzi

Hitilafu inapotokea, fuata utaratibu huu. Kwanza, usihifadhi chochote. Pili, angalia kama skrini imesimamishwa tu, kwa kubonyeza Ctrl na Q. Tatu, andika "reset". Nne, linganisha herufi kwa amri ya "locale" na mipangilio ya dirisha lako. Tano, angalia jina la terminali. Mwisho, zichunguze baiti za faili yenyewe. Aghalabu utakuwa umepata jibu kabla ya kufika hatua ya mwisho, na jina la mtu au idadi ya mifugo itabaki kama ilivyoandikwa na mwenyewe.