Daftari la Tokyo na Sanduku la Maradi: Akiba ya Kila Wiki Ilikotoka

Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea shilingi inayoingia nyumbani na jinsi inavyotoka, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilifundisha kikundi cha wakulima wa mahindi namna ya kutunza kumbukumbu za shamba. Tulichora jedwali ubaoni: tarehe, mapato, matumizi, baki. Wiki haikuisha, mtoto wangu akapata homa kali usiku. Ilikuwa tarehe 19 na mshahara ulishakwisha. Nikaenda kugonga kwa mwenye duka, mmoja wa wanafunzi wangu wa wiki ile ile, nikamwomba elfu ishirini ya bodaboda na dawa. Alinipa bila kusita. Asubuhi nilipopita kumshukuru akaniuliza kwa upole, "Afisa, lile jedwali, nyumbani kwako unalo?"

Sikuwa nalo. Niliweza kukutajia gharama za ekari moja ya mahindi kuanzia kulima mpaka kupukuchua, lakini sikujua sukari, vocha na nauli za nyumbani kwangu zinakula shilingi ngapi kwa mwezi.

Mtoto alipona, deni nikalilipa. Swali lile likabaki. Nikaanza kusoma wenzetu walilijibuje, na nikakuta watu wa sehemu mbili za mbali sana, wasiojuana, waliolijibu kwa njia zinazofanana. Wa kwanza walitumia daftari, wa pili sanduku.

Daftari la mwaka 1904

Mwaka 1873, katika mji wa Hachinohe kaskazini mwa Japani, alizaliwa Hani Motoko. Alipokuwa mtu mzima aliingia gazeti la Hochi Shimbun jijini Tokyo kama msahihishaji wa maandishi, akapanda mpaka kuwa mwandishi. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwandishi wa habari wa gazeti nchini mwake. Mwaka 1903, yeye na mumewe, Hani Yoshikazu, walianzisha jarida la mambo ya nyumbani. Mwaka uliofuata, 1904, akatoa daftari lililochapwa tayari kwa ajili ya hesabu za familia. Kwa Kijapani huitwa kakeibo, maana yake daftari la hesabu za nyumba.

Wafanyabiashara wa Japani walikuwa wakiandika hesabu tangu zamani. Kipya kilikuwa kumpa mama wa nyumbani daftari lenye mistari na mafungu yake, na kumtaka apange kabla ya kutumia. Familia inakaa chini, inagawa mapato yake katika mafungu kama chakula, mavazi na elimu, kisha kila matumizi yanaandikwa chini ya fungu lake. Ukinunua mboga, unaona papo hapo fungu la chakula limebaki na kiasi gani. Kuandika kilichotumika peke yake ni kama kupima mvua baada ya mafuriko. Mama Hani alitaka watu wachimbe mitaro kwanza.

Jambo la pili ndilo lililonigusa zaidi. Jarida lile, ambalo tangu 1908 linaitwa Fujin no Tomo, yaani Rafiki wa Wanawake, lilipata wasomaji wengi, na mwaka 1930 wasomaji hao wakaunda umoja wao nchi nzima. Pamoja na mambo mengine, walikutana wakiwa na madaftari yao na kujadili hesabu za nyumba zao. Mama Hani alifariki mwaka 1957, na daftari lake bado linachapwa mpaka leo. Daftari la zaidi ya miaka mia moja haliwezi kuishi kwa sababu ya mistari mizuri. Nadhani limeishi kwa sababu mwenye kuliandika alijua yuko mwenzake anayeliandika pia, na kwamba watakutana.

Sanduku la Maradi

Sasa tuje Afrika. Sisi wa huku tunaujua upatu, au mchezo, tangu enzi za bibi zetu. Watu kumi wanachanga, anapokea mmoja, zamu inazunguka. Ni jambo jema na limejenga nyumba nyingi. Lakini lina mapungufu mawili. Kwanza, zamu yako inaweza kufika mwezi ambao huna shida, na shida ikafika mwezi ambao si zamu yako. Pili, fedha yote inaondoka siku ile ile, hivyo mtoto akiugua katikati ya mzunguko hakuna cha kukopa.

Mwaka 1991, katika eneo la Maradi kusini mwa Niger, karibu na mpaka wa Nigeria, shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini, wengi wao Wahausa, watu wa kulima uwele na mtama. Nao walikuwa na mchezo wao kama upatu wetu. Badiliko walilofanya lilikuwa dogo: badala ya kumpa mtu mmoja fedha zote kila mara, michango ilibaki pamoja kama mfuko. Mwenye shida au biashara anakopa, anarejesha na riba kidogo, na riba hiyo ni mali ya wote. Mwisho wa kipindi walichokubaliana wanagawana kila kitu na kuanza upya. Mpango huo uliitwa Mata Masu Dubara.

Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo hesabu ziliwekwa kichwani, mbele ya watu wote. Kilichokuwemo, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki kilitajwa kwa sauti, na wanachama wakakikariri mpaka mkutano ujao. Mkulima anayeniambia, "Afisa, mimi sikusoma, mambo ya hesabu siyawezi," huwa ninamsimulia habari ya akina mama hawa.

Mpango ulipoenea nchi nyingine uliongezewa vitu ambavyo wengi wenu mnavijua: sanduku la chuma lenye kufuli tatu na washika funguo watatu tofauti, kijitabu cha kila mwanachama chenye mihuri ya hisa, na mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Likaongezwa pia jambo lililowafaa sana wakulima. Badala ya wote kutoa kiwango kimoja, mwanachama anaweza kununua hisa moja hadi tano kila mkutano. Wakati wa mavuno unanunua tano, wakati wa njaa unanunua moja, na bado hujatoka kwenye mstari.

Kutoka Jozani hadi kijijini kwako

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huu ulifika Zanzibar, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, Unguja, wanakoishi kima punju. CARE ilikuwa ikifanya kazi ya hifadhi ya msitu huo, na watu wanaoambiwa wapunguze kukata kuni na kuchoma mkaa walihitaji njia nyingine ya kupata mtaji. Mafadhili alipoondoka, vikundi havikufa. Watafiti waliokwenda huko miaka michache baadaye walikuta vingine vipya vimeundwa, wanavijiji wakifundishana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa upande wa bara tumezijua zaidi kwa jina la VICOBA, ambazo nazo zina asili ya Niger, na kwa jina la vikundi vya hisa. Leo vimo hata kwenye sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka katika daraja la nne, na usajili wake unapitia halmashauri. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kikundi chenye usajili kina pa kushtaki mtu akikimbia na fedha.

Nisikudanganye kwamba sanduku linafuta umaskini. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vikundi hivi viliwafanya watu waweke akiba na kukopa zaidi, biashara za kaya zikaimarika na sauti ya mwanamke nyumbani ikaongezeka. Lakini kwa wastani haukuona kaya zikila au zikitumia zaidi kuliko kaya zisizo na vikundi. Maana yake kwangu ni hii: sanduku halioteshi fedha. Linachofanya ni kuifikisha fedha yako kwenye siku unayoihitaji. Kipato chenyewe bado kinatoka shambani na dukani.

Kwa nini wiki, wala si mwezi

Watu wengi huniambia wanaanza kuandika matumizi Januari na Februari daftari linakuwa la watoto kuchorea. Wanasema wamekosa moyo. Zamani na mimi nilidhani ni suala la moyo.

Tazama akina mama wa Maradi. Hawakuwa na moyo wa chuma kuliko mimi na wewe. Walikuwa na siku ya mkutano, na siku hiyo ikifika jina lako linaitwa mbele ya wenzako. Wiki ni fupi, hivyo ukikosea unapata nafasi ya kujirekebisha kabla kosa halijawa mlima. Mkulima anayesubiri mwezi uishe ndipo ahesabu, anahesabu fedha iliyokwisha kuliwa. Anayesubiri msimu uishe, ndiyo anakuja Januari kuniuliza mbolea ya mkopo inapatikana wapi, wakati Julai alikuwa na gunia ishirini za mpunga sebuleni.

Mkulima mmoja wa namna hiyo nilikaa naye tukajaribu kukumbuka fedha za mpunga wake zilikwenda wapi. Hakuwa mlevi wala mtu wa starehe. Tulikumbuka ada, harusi ya mdogo wake na bati kumi. Nusu nzima hatukuipata, wala yeye wala mkewe. Mke alikuwa analia, si kwa sababu fedha zimekwisha, bali kwa sababu kila mmoja alikuwa amemdhania mwenzake kwa miezi mitano. Hapo nikaelewa kwamba daftari linalinda zaidi ya fedha.

Anza wiki hii

Haya ndiyo ninayofanya nyumbani kwangu sasa, na ndiyo ninayoshauri.

Kwanza, nunua daftari la kawaida la mwanafunzi. Chora safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki. Kila kitu kiandikwe, hata vocha ya mia tano. Fedha ya simu nayo iandikwe, pamoja na makato ya kutoa na kutuma. Ujumbe wa simu unakuonyesha salio, haukuonyeshi ulinunua nini.

Pili, gawa kabla ya kutumia, kama alivyofundisha Mama Hani. Mafungu manne yanatosha kuanzia: chakula, shule na afya, shamba au biashara, akiba. Unga na mbolea visile kwenye fungu moja. Mfanyabiashara, fungu la duka lisiwe mfuko wa suruali. Sukari ukiitoa dukani kwenda jikoni, iandike kama umeiuza.

Tatu, lengo liwe na jina, kiasi na tarehe. "Nataka kuweka akiba" si lengo. "Shilingi 260,000 za mbegu na mbolea ndani ya wiki 26" ni lengo, na ukigawa unapata 10,000 kwa wiki. Kama hisa ya kikundi chenu ni 2,000, hizo ni hisa tano. Ukiona haziwezekani, punguza lengo au ongeza wiki sasa, kabla hujakata tamaa. Hata hisa moja tu kila wiki, kwa wiki 52, ni 104,000 kabla ya faida.

Nne, chagua siku na shahidi. Sisi ni Jumapili baada ya chakula cha jioni. Mke wangu anasoma, mimi nahesabu, dakika kumi na tano tumemaliza. Kama unaishi peke yako, tafuta jirani unayemwamini. Wiki ukivurugikiwa, andika hivyo hivyo ilivyo. Usirudi nyuma kujaza ya kubuni na usianze daftari jipya. Endelea na mstari unaofuata.

Mwenye duka yule bado ni jirani yangu. Mwezi uliopita nilipita dukani kwake kununua mafuta ya kupikia, nikatoa daftari mfukoni nikaandika pale pale kaunta. Aliniangalia, akacheka, kisha akavuta droo na kunionyesha la kwake.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai. Wiki hii tuanze kwa kulitafuta tundu. Nakutakieni kazi njema na wiki yenye baki.