Raga ya Kenya: Kutoka Dubai hadi Singapore

Mwaka 2009 huko Dubai, timu ya raga ya wachezaji saba ya jirani zetu wa Kenya iliwatoa Fiji, mabingwa watetezi, katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Raga ya Kenya ilikuwa bado ya ridhaa. Kijana alicheza, riziki akaitafuta kwingine. Askari ataelewa ugumu wake: watu saba hulinda uwanja mzima, na mmoja akizembea hakuna wa kuziba pengo. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, aliyepata kuwa nahodha. Tarehe 17 Aprili, 2016, chini yake tena, Kenya iliwachapa Fiji hao hao 30-7 na kutwaa kombe la Singapore. Mwaka 2023 ilishuka daraja. Mwaka uliofuata ikarejea.