Simu ilibaki njiani, pesa haikupotea

Mwezi wa kumi 2022, M23 ilipoteka Rutshuru-centre na Kiwanja, familia nyingi za upande wa Kalengera zilikimbilia Kanyaruchinya. Simu zilipotea njiani. Pesa ya M-Pesa, iliyoingia Kongo mwaka 2012, haikupotea nazo, maana haikai ndani ya simu. Hata ya Wakenya, iliyoanza 2007, daftari lake lilikuwa kwenye seva za Ujerumani hadi 2015.

Ufundi wenyewe si mgumu kuelewa. Disko hukusanywa pahali pamoja, seva kadhaa zinaunganishwa nazo kwa nyaya, na ndani ya kila seva zinafanya kazi mashini-bandia. Mwaka 2003 kampuni ya VMware ya Marekani iliwezesha mashini-bandia kuhama seva bila kuzimwa, mradi seva zote mbili zisome disko zilezile. Yaani mashini inakimbia, daftari linabaki pale pale.

Tatizo la mhami ni kitambulisho: bila hicho, kurudishiwa namba yake ni shida. Na Goma ilipotekwa mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga. Akaunti zilikuwepo; wa kukulipa hakuwepo.