Andrews, Charles Freer (1871–1940)

Kasisi wa Kianglikana, mwalimu na mwandishi kutoka Uingereza, anayekumbukwa hasa kwa urafiki wake na Mahatma Gandhi na watu wengine wa dini mbalimbali nchini India. Alizaliwa Newcastle, akasoma Cambridge, na mwaka 1904 akafika Delhi kufundisha katika chuo cha kimisionari cha St Stephen's.

Aliyemfungua macho kuhusu Uislamu ni Munshi Zakaullah, mwanachuoni mzee wa mji huo. Andrews alimtembelea mara kwa mara, akaketi mbele yake kama mwanafunzi. Mzee alifariki mwaka 1910. Mwaka 1929 Andrews alitoa kitabu kizima cha kumkumbuka.

Januari 1914 aliteremka melini Durban kumsaidia Gandhi kudai haki za Wahindi wa Afrika Kusini. Alipoonyeshwa mwenyeji wake, aliinama akamgusa miguu, kama Wahindi wamwamkiavyo mtu wa kuheshimiwa. Wazungu wa mji walichukizwa mno. Wawili hao wakaja kuitana Mohan na Charlie.

Hakuuficha Ukristo wake ili apendwe, na hapo ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Septemba 1924, baada ya Wahindu na Waislamu kuuana, Gandhi alianza mfungo wa siku 21 jijini Delhi, nyumbani kwa Mwislamu, Mohamed Ali. Andrews alimuuguza, huku akilisimamia gazeti la Gandhi, *Young India*. Siku ya kufungua, 8 Oktoba, imamu alisoma Kurani, Andrews akaimba wimbo wa msalaba, zikasomwa Upanishadi, maandiko matakatifu ya Wahindu, ndipo Gandhi akanywa maji ya machungwa. Hakuna aliyetakiwa kupunguza imani yake ndipo apewe nafasi.

Urafiki wake na Wahindi ulimgharimu hata Afrika Mashariki. Walowezi wa Kenya walipinga haki za Wahindi wakidai wanalinda ustaarabu wa Kikristo. Andrews, kasisi, akasimama na Wahindi. Mwaka 1921 walowezi walimpiga akiwa safarini kwa treni. Inauma kwamba waliojiita watetezi wa Kristo ndio waliomwinulia mkono.

Wahindi walimpa jina Deenabandhu, rafiki wa wanyonge. Alifariki Kalkuta tarehe 5 Aprili 1940, akazikwa huko. Mwaka 1971, miaka 100 tangu azaliwe, India ilitoa stempu ya kumkumbuka.